Huyu "He" ni Nani?

Najua nimeadimika. Wale mlioniandikia barua pepe mkiuliza kama nimefunga duka, jibu ni hapana, ni kazi tu zilizonibana. Leo sina habari za simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nina habari ya sentensi moja ya Kiingereza yenye maneno 14, iliyonikosesha usingizi, na ya programu ndogo niliyoiandika kwa sababu yake. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo kama una chai karibu, jimiminie.

Jirani yangu ni fundi wa nguo. Ni Mkongo wa Goma, umri wake ni kama wa baba yangu mdogo, na hapa mtaani kwetu Nairobi kila mtu humwita Fundi tu. Yeye na mkewe wameniruhusu kusimulia haya bila kutaja majina. Kiswahili chake ni kile cha Kivu, anasema "nilikuya" pale ambapo sisi tunasema "nilikuja", na "mutoto" badala ya "mtoto". Kifaransa alikisoma shuleni. Kiingereza amekiokota hapa hapa Nairobi, kwa wateja, kwa redio na kwa vitabu vya shule vya wanawe. Kuzungumza anazungumza vizuri tu. Kuandika ndiko kulikokuwa na mlima.

Jioni moja mwaka 2023 alinibishia mlango akiwa na daftari. Ndani yake kulikuwa na kurasa nne zilizoandikwa kwa kalamu ya buluu, kwa Kiingereza.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Fundi hakuwepo nyumbani, alikuwa amevuka Ziwa Kivu kwenda Bukavu kununua vitambaa. Nyumbani alikuwepo mkewe, mtoto wao wa kiume wa miaka minne, na mdogo wake Fundi. Mke alikuwa mgonjwa sana. Akamwachia shemeji yake mtoto, akavuka mpaka kwa miguu kuingia Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta matibabu. Wanaoijua Goma wanajua kwamba miji hiyo miwili imeshikana, mpaka unapita kati ya nyumba. Ilikuwa iwe siku mbili tu. Lakini hali ikaharibika, simu zikapotea, na yule kijana akambeba mtoto akaelekea Uganda. Fundi na mkewe walikutana tena baadaye, wakafika Nairobi mwaka 2013. Kufikia walipopata habari za mtoto wao, alikuwa tayari yuko Marekani na baba yake mdogo.

Mwaka huo wa 2023 mtoto alikuwa na miaka 15, na baba yake mdogo alikuwa anatafuta karatasi za mahakama za kumtambua kuwa mlezi halali. Wakili aliomba wazazi waandike kwa Kiingereza jinsi mtoto alivyotengana nao, kisha watie sahihi.

Nilimwambia Fundi, "Nisimulie kwa Kiswahili, mimi nitakuandikia." Mimi nimesoma sayansi ya kompyuta chuo kikuu, na Kiingereza nimekitumia tangu darasa la kwanza. Niliona ni kazi ya saa moja.

Akakataa. "Ndugu mdogo, sahihi ni yangu," akasema. "Wakiniuliza nilimaanisha nini, nitawajibu nini kama sijui nilichotilia sahihi? Wewe nisaidie tu nieleweke."

Nisaidie nieleweke. Kumbe hilo ni ombi gumu kuliko nilivyodhani!

Basi nikafanya kile ambacho developa yeyote mvivu angefanya. Nilizipiga chapa zile kurasa nne jinsi zilivyo, nikazipeleka kwenye programu moja ya akili bandia, nikaiambia isahihishe Kiingereza bila kubadili maana. Baada ya sekunde chache nikapata kurasa nne safi kabisa. Kila kitenzi mahali pake, kila koma mahali pake. Nikajisifu moyoni. (Kabla hamjanikemea: ndiyo, nilikosea kupeleka habari za siri za familia kwenye mashine ya watu. Leo nisingefanya hivyo, na programu niliyoiandika baadaye inafanya kazi kwenye kompyuta yangu mwenyewe bila mtandao.)

Kesho yake nikaenda kwao na kompyuta. Mama alikuwa anachambua mchele, Fundi yuko kwenye cherehani. Nikawa nawasomea ile nakala mpya, sentensi moja moja, nikiwatafsiria kwa Kiswahili ili wathibitishe. Mambo yalikwenda vizuri hadi sentensi ya saba. Nikasoma, "Alimwacha mtoto kwa sababu alikuwa mgonjwa, kisha akavuka mpaka."

Mama akainua kichwa. "Alimwachia," akasema.

Nikadhani ni suala la matamshi. "Alimwachia nani, mama?"

"Shemeji."

"Na nani aliyemwachia shemeji?"

"Mimi."

Nikaangalia skrini. Fundi alikuwa ameandika hivi kwenye daftari: "He leave him the child because he was sick and he pass the border." Mashine ilikuwa imeisahihisha kuwa: "He left the child because he was sick, and then he crossed the border." Na sentensi iliyotangulia ilikuwa inamzungumzia mdogo wake Fundi. Kwa hiyo Mmarekani yeyote angesoma kwamba mdogo mtu aliugua, akamtelekeza mtoto wa miaka minne, akakimbilia ng'ambo ya mpaka.

Sasa fikirieni. Karatasi hii ilikuwa inakwenda mahakamani, mahali ambapo kijana huyo huyo anaomba atambuliwe kuwa mlezi. Na inatoka kwa wazazi wenyewe, na sahihi zao chini! Nilihisi jasho.

Fundi alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, bila kumtazama mkewe, "Je, tukiandika tu kwamba mtoto alipotea?" Nilielewa alichokuwa anafanya. Kwa Kiingereza ingekuwa "The child was lost". Sarufi yake haina kasoro, na haimtaji mtu yeyote.

Mama akaweka ungo chini. "Hakupotea. Nilimwachia shemeji. Huyo mtoto atasoma hii karatasi siku moja, na Kiswahili amekwisha kusahau. Andika ni mimi."

Nilirudi nyumbani nikakaa nikiwaza. Nani alikosea? Fundi alikosea "leave" na "pass", lakini hayo hayakuwa tatizo. Mwalimu yeyote angeyaona. Tatizo lilikuwa lile neno dogo "he", ambalo kisarufi halikuwa na kasoro yoyote mahali lilipokaa.

Wale wenzangu mnaoandika programu mtaielewa hali hii haraka. Ukisahau nukta mkato kwenye lugha ya C, kompaila inapiga kelele, programu haiendi, unarekebisha, yamekwisha. Hilo ni kosa la aibu tu. Lakini ukiandika kutoa mahali pa kujumlisha, kompaila haina neno. Programu inakwenda vizuri kabisa na inampa mteja salio la uongo. Hilo ndilo kosa la kuogopa. Sasa mimi nilikuwa nimechukua maandishi yenye makosa ya aina zote mbili, nikaondoa yale ya aibu, nikaacha lile la kuogopa. Tena nililifanya liwe baya zaidi. Ile sentensi ya Fundi iliyovunjika ilimfanya msomaji asite na pengine aulize. Ile iliyosafishwa haimsitishi mtu.

Tena angalieni jinsi kosa lilivyojificha. Mimi nilipotafsiri kurudi kwenye Kiswahili, "he" iligeuka tena kuwa "a-", na "a-" yetu ni ya kila mtu, mwanamume, mwanamke, mtoto, mzee. Kama isingekuwa ile "i" moja inayotofautisha "alimwacha" na "alimwachia", mama asingeshtuka, na mimi ningefunga kompyuta nikaenda zangu. Herufi moja! Kwa Kiswahili "i" hiyo inabeba habari yote kwamba kuna mtu aliyekabidhiwa mtoto. Kwa Kiingereza lazima useme "with my brother", maneno matatu, na ukiyaacha unakuwa umesema jambo jingine kabisa.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini sisi tunaotoka kwenye Kiswahili tunateleza mahali fulani fulani. Chukua neno "nilimwambia". Ndani yake kuna mtendaji (ni), wakati (li), mtendewa (mw) na tendo (ambia). Vyote vimefungwa kwenye furushi moja, huwezi kusahau kimoja njiani. Kiingereza kinalifungua furushi hilo na kulitandaza chini: "I told him" au "I told her". Kila kipande kinajitegemea, mpangilio wake ndio unaosema nani kamtenda nani, na kuna uamuzi wa ziada ambao Kiswahili hakijawahi kukudai: ni wa kike au wa kiume?

Mtu atasema, lakini Fundi anajua Kifaransa, na Kifaransa kina "il" na "elle". Ni kweli. Lakini Kifaransa hakikumsaidia kote. "Lui" katika "elle lui a laissé l'enfant" inaweza kuwa mwanamume au mwanamke. "Son enfant" inaweza kuwa mtoto wake wa kike au wa kiume, wa baba au wa mama, haikwambii. Na kubwa zaidi, Fundi ukimwuliza taratibu tofauti ya "he" na "she" anakujibu bila kukosea. Anapoandika habari ya usiku ule, hafikirii kwa Kifaransa. Anafikiria kwa lugha ya nyumbani, na lugha ya nyumbani inamwambia "a-", na mkono unaandika "he". Hata sisi Wakenya tulioanza Kiingereza utotoni, tukichoka au tukikasirika, tunamwita dada "he". Sikiliza tu ofisini kwenu.

Mashine nazo zinateleza hapo hapo. Kituruki kina neno moja, "o", kwa wa kike na wa kiume, kama sisi. Kwa miaka mingi ukitafsiri sentensi ya Kituruki kwenda Kiingereza, kompyuta ilikuwa inakuchagulia yenyewe, daktari akawa "he", muuguzi akawa "she". Mwezi Desemba 2018 Google walianza kuonyesha tafsiri zote mbili kwa baadhi ya sentensi za Kituruki, mtumiaji achague. Ukilitazama vizuri, walikubali kwamba jibu halimo ndani ya sentensi. Limo kichwani mwa aliyeiandika. Na kitu kilicho kichwani mwa mtu unakipata kwa njia moja tu, unamwuliza.

Basi nikaamua kuandika programu ya kuuliza.

Nilianza vibaya, lazima nikiri. Nilisoma kuhusu Kiingereza rahisi kinachotumika kwenye vitabu vya matengenezo ya ndege. Kinaitwa Simplified Technical English, na kimekuwepo tangu miaka ya 1980. Sababu yake ni nzuri: mafundi wa ndege duniani wengi si Waingereza, na fundi akielewa vibaya sentensi, ndege inaanguka. Kanuni zake ni za wazi. Sentensi ya maagizo isizidi maneno 20, ya maelezo isizidi 25, na neno moja libebe maana moja. Nikasema, kama inafaa kwa fundi wa ndege, itafaa kwa fundi wa nguo!

Toleo la kwanza la programu yangu, kama mistari 80 ya Python, lilihesabu maneno. Sentensi ikizidi 20, inageuka nyekundu. Nikampa Fundi ajaribu. Siku ya pili maandishi yake yalikuwa meupe kabisa, hakuna hata doa jekundu. Nikafurahi, hadi niliposoma. Alikuwa amefuta. Kila sentensi iliyogeuka nyekundu ameiondoa, akaandika fupi isiyosema kitu. Sehemu aliyoeleza jinsi alivyomtafuta mkewe Gisenyi, iliyokuwa na sentensi za maneno 40, imebaki "I search my wife. I find my wife." Nilipomwuliza akasema, "Mashine ilikataa yale mengine."

Hilo lilinifundisha kuhusu rangi nyekundu. Mtu anayejifunza lugha ya wageni akiona nyekundu hasomi "fafanua hapa". Anasoma "umefeli". Sisi sote tumepita mikononi mwa walimu wenye kalamu nyekundu, tunajua. Isitoshe, sentensi iliyotuletea balaa ilikuwa na maneno 14 tu! Kanuni ya 20 ingeipitisha bila swali. Na maneno yake yote ni mepesi, mtoto wa darasa la tatu anayajua. Mwaka 1930 Mwingereza Charles Kay Ogden alitoa orodha ya maneno 850 aliyoyaita Basic English, akitumaini kwamba wageni wakipunguziwa maneno wataeleweka kwa urahisi. Ni wazo lenye faida, lakini maneno mepesi pia yanaweza kusema uongo.

Toleo la pili halina rangi. Linapita kwenye maandishi, na kila likikuta "he", "she", "him", "her", "they" au "it", linasimama na kuuliza kwa Kiswahili. Tulipofika sentensi ya saba ilikuwa hivi:

Sentensi ya 7: He leave him the child because he was sick and he pass the border.
"He" wa kwanza ni nani?
"Him" ni nani?
"He" wa pili ni nani?
"He" wa tatu ni nani?

Fundi akaketi akitazama kibodi. Mama ndiye aliyesogea akajibu, kwa kidole kimoja: mimi. Programu yangu, kwa kuwa ni mjinga aliyeandikwa na mjinga, ikachukua "mimi" ikaweka "I", na skrini ikaonyesha kwamba Fundi mwenyewe ndiye aliyemwachia mdogo wake mtoto. Fundi akaruka, "Mimi nilikuwa Bukavu!" Tukacheka wote watatu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tuanze kazi ile. Nikarekebisha: anayeandika ni Fundi, kwa hiyo mama ni "my wife".

Matokeo ya kwanza yalikuwa na sura mbaya: "My wife leave my brother the child because my wife was sick and my wife pass the border." Mwalimu wangu wa insha angenipiga kwa kurudia "my wife" mara tatu. Lakini isomeni tena. Ina makosa ya sarufi, na bado hakuna mtu duniani atakayeielewa vibaya. Sasa ndipo tukaleta sarufi. Programu za kukagua sarufi zipo nyingi. Mimi naipenda LanguageTool, programu huria ambayo Mjerumani Daniel Naber aliianza kama kazi yake ya chuo kikuu mwaka 2003, na ambayo unaweza kuiwekea kanuni zako mwenyewe. Tukasahihisha vitenzi pamoja, Fundi akiandika na mimi nikieleza sababu, tukapata: "My wife was very sick. She left the child with my brother for two days. Then she crossed the border alone to find treatment."

Angalieni jambo moja la kufurahisha. Baada ya kumtaja kila mtu, yale maneno "she" na "he" yaliyotutesa yakawa msaada. Katika kisa hiki kuna mwanamke mmoja tu, kwa hiyo "she" ni mama, hakuna ubishi. Kiingereza kinatudai uamuzi ambao Kiswahili hakitudai, lakini ukishaulipa, kinakurudishia.

Tulichukua jioni tano kwa kurasa nne. Na zile sentensi ndefu alizokuwa amezifuta Fundi, tulizirudisha zote. Hatukuzifupisha kwa kufuta, tulizikata. Kiswahili kina "-ka-" yetu tamu: nikaenda, nikamkuta mtu, akaniambia, nikarudi, nikalala njiani. Unaweza kusafiri nayo kutoka Goma hadi Mombasa bila kuweka nukta. Kiingereza hakina gari hilo. Mtu akilitafsiri anaweka "and" kila mahali, na baada ya "and" ya tatu msomaji hajui tena nani yuko barabarani. Basi kila "-ka-" tuliipa nukta yake na mtu wake.

Tangu wakati huo nimewasaidia watu wengine wachache, na programu imefika mistari kama 200. Si kitu cha kujivunia, haina akili yoyote ndani yake. Lakini imenipa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata hata bila kompyuta, kwa kalamu na karatasi. Kama una ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzako anayejitahidi na Kiingereza, jaribu hivi:

1. Kabla ya kugusa sarufi, mwulize kwa lugha yake: nani alifanya nini, kwa nani? Kama huwezi kulijibu swali hilo kwa kusoma alichoandika, usisahihishe kitu bado.

2. Zungushia kila "he", "she", "they" na "it". Kila duara lipate jina. Kama majina mawili yanaweza kuingia kwenye duara moja, andika jina, usiogope kurudia.

3. Vunja mnyororo wa "-ka-". Tendo moja au mawili, kisha nukta.

4. Chunguza kila mahali palipokuwa na "kwa". Neno letu hili ni fundi wa kazi zote: "kwa basi" ni "by bus", "kwa kisu" ni "with a knife", "kwa siku mbili" ni "for two days", na "kwa dada" ni "at my sister's place". Mwanafunzi huchagua moja akalitumia kote. Mwulize, hii ni kwa ya chombo, ya muda, au ya mahali?

5. Sasa ndipo uje kwenye vitenzi na nyakati. "I have 44 years" inatokana na "nina miaka 44", na Kifaransa kinasema vile vile, ndiyo maana Fundi aliamini ni sahihi. Kwa Kiingereza ni "I am 44 years old". "I live in Nairobi since 2013" iwe "I have lived in Nairobi since 2013".

6. "A" na "the" ziwe za mwisho kabisa. Kiswahili hakina viungo hivyo, na mtu atavikosea kwa miaka mingi. Mara nyingi anaeleweka hata akivikosea. Usimvunje moyo navyo siku ya kwanza.

Najua wengi wetu tunaanza na namba sita na kurudi nyuma. Mimi pia nilianza hivyo, kwa sababu makosa ya aibu ndiyo yanayoonekana haraka na yanatufanya tujione tunajua. Na sisemi msitumie akili bandia. Mimi naitumia kazini kila siku. Nasema tu, msiipe sentensi ambayo mwenyewe hujui "he" wake ni nani. Haitakuuliza, itaamua.

Mnataka kujua ilikwishaje. Maelezo yalitumwa, na sahihi mbili chini. Kabla ya kutia sahihi Fundi alinisomea kurasa zote nne kwa sauti, kwa Kiingereza, akinieleza kila sentensi ina maana gani. Sentensi ya saba aliisoma mama, ingawa Kiingereza chake ni kidogo kuliko cha mumewe.

Baada ya wiki tatu wakili akajibu. Nilifungua ile barua pepe moyo ukinidunda, nikitarajia orodha ya maswali. Alikuwa na swali moja tu: mama alivuka mpaka tarehe gani? Hakuuliza nani alivuka, wala nani alimwacha nani.

Tarehe mama hakuikumbuka. Tuliandika hivyo hivyo, kwa sentensi fupi yenye mtu wake: "My wife does not remember the exact day."

Haya, kwa leo naishia hapa. Mtu akiitaka ile programu aniandikie, nitamtumia. Ila nawaonya, ukiijibu "mimi" inaweza kukupeleka Bukavu.